Kuwinda Sarafu Kando ya Ziwa: Luzira na Senti za Afrika Mashariki

Raha ya kukusanya sarafu huanza kabla sarafu haijapatikana. Mkusanyaji anajua kwamba kipande fulani kiliwahi kugongwa, anajua mwaka wake, metali yake na herufi ndogo iliyochongwa juu yake; asichojua ni mahali kilipolala. Huenda kimo ndani ya kopo la vifungo uvunguni mwa kitanda, huenda kimo kwenye gunia la vyuma chakavu, huenda kilishayeyushwa zamani na hakipo tena duniani. Hapo katikati ya kujua na kutojua ndipo msisimko unapozaliwa. Mwanasaikolojia wa Marekani, B. F. Skinner, alionyesha kwa majaribio ya njiwa na panya kwamba kiumbe anayepata zawadi kwa nyakati asizoweza kuzitabiri hung'ang'ania kazi yake kwa muda mrefu kuliko yule anayelipwa kila mara. Mkusanyaji aliyepekua fungu zima la senti bila kuambulia kitu, kisha ya mwisho kabisa ikawa ndiyo aliyoitafuta, ameshaujua ukweli huo kwa vidole vyake.

Uwindaji huu una sura tofauti kila nchi. Huko Ulaya na Marekani yako maduka ya sarafu, iko minada, zipo orodha za bei zinazochapishwa kila mwaka, na mwenye fedha anaweza kukamilisha mkusanyo wake akiwa amekaa kitini. Uganda hali ni nyingine. Sarafu za zamani ziliacha kutumika moja baada ya nyingine, hazikukusanywa dukani, zikatawanyika majumbani. Anayezitaka hana budi kujua njia zilizopita, na mojawapo ya njia hizo ni Luzira.

Luzira iko kusini-mashariki mwa Kampala, ukingoni mwa Ziwa Victoria. Wengi huisikia kwa sababu ya gereza lake kuu, au kwa sababu ya kiwanda cha bia kilichoanzishwa mwaka 1946 karibu na gati. Gati hilo ni Port Bell, lililopewa jina la Henry Hesketh Bell, Mwingereza aliyeitawala Uganda kuanzia 1906 hadi 1909. Reli ya kutoka Mombasa ilikuwa imefika ziwani mwaka 1901, mahali panapoitwa leo Kisumu, ikaishia hapo. Kutoka Kisumu mizigo na abiria walipanda meli, Winifred au Clement Hill au nyingine za ukoo huo, wakavuka maji mpaka bandari za Uganda. Baadaye reli fupi iliunganisha Port Bell na Kampala. Treni ya moja kwa moja kutoka pwani haikufika Kampala mpaka 1931. Kwa hiyo kwa miaka mingi kilichoingia mjini, kuanzia nguo na chumvi hadi masanduku ya fedha, kilivushwa ziwani, na bandari ya Luzira ikawa mlango wa Kampala.

Fedha za kwanza za chuma zilizosafiri kwenye njia hiyo zilikuwa rupia za India. Wahindi waliojenga reli walilipwa kwa rupia, wafanyabiashara wa Kihindi walihesabu kwa rupia, na serikali ikazikubali kwa kiwango cha rupia 15 kwa pauni moja. Kabla yake kulikuwa na simbi, zile kauri za baharini zilizotungwa kwenye kamba na kuhesabiwa kwa mamia. Tena ilikuwako sarafu ya Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki, iliyogongwa kuanzia 1888 na kuandikwa MOMBASA kwa herufi kubwa. Kampuni hiyo hiyo ndiyo iliyomtuma mwakilishi wake Lugard, aliyefika Kampala Desemba 1890 na kujenga ngome yake kwenye kilima kinachoitwa hadi leo Old Kampala. Pesa ya shaba ya kampuni, yenye picha ya mizani, bado hujitokeza mara moja moja katika masanduku ya familia za pwani. Kuikuta Kampala ni bahati ya aina yake, kwa kuwa imesafiri safari ndefu kuliko kiasi ilichoweza kununua.

Rupia ilikuwa kubwa mno kwa soko la kila siku. Mtu aliyetaka ndizi mbili hakuweza kutoa kipande cha fedha halisi. Mwaka 1905 amri ya serikali ya Uingereza iliigawa rupia katika senti 100, na sarafu mpya zikafuata zikiwa na maandishi EAST AFRICA & UGANDA PROTECTORATES. Senti moja ya mwaka 1907 iligongwa kwa alumini. Ilikuwa miongoni mwa sarafu za kwanza duniani kutumika sokoni zikiwa za metali hiyo, pamoja na kipande kidogo cha Afrika Magharibi ya Kiingereza cha mwaka huo huo. Ilitobolewa katikati ili itungwe kwenye kamba kama simbi zilivyotungwa, na kuzunguka tundu zikachorwa pembe za ndovu. Mwaka 1908 ikaongezwa nusu senti, nayo ya alumini.

Alumini ilishindwa. Joto, jasho na unyevu viliila, sarafu zikavimba madoa meupe na kumong'onyoka. Kufikia 1909 senti hizo zilikuwa zimehamishiwa kwenye aloi ya shaba na nikeli. Ndiyo maana mkusanyaji anayeishi karibu na ziwa hushtuka anapoona kitu chepesi, cheupe, chenye tundu, ambacho karibu hakina uzito mkononi. Senti ya alumini iliyobaki safi, yenye mistari ya pembe inayoonekana, imepona kutu, imepona wafua masufuria na imepona watoto. Miaka hiyo hiyo serikali ya Bell ilikuwa ikiwahamisha watu kutoka ufuoni kwa sababu ya ugonjwa wa malale uliokuwa ukiua maelfu, na vijiji vya kando ya ziwa vikabaki mahame. Senti hizo zilizaliwa katika kipindi kigumu sana cha historia ya ufuo huu, na anayeishika mojawapo anafaa kulijua hilo.

Ziwa lilileta pia fedha za jirani. Bukoba na Mwanza zilikuwa chini ya Wajerumani, na meli za Kisumu zilipita huko. Heller za shaba, zilizogongwa kuanzia 1904 wakati rupia ya Kijerumani ilipogawanywa katika heller 100, hupatikana hadi leo pande zote za ziwa. Kilele cha mfululizo huo ni sarafu za Tabora za mwaka 1916. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipozuia meli kutoka Ulaya, Wajerumani waligonga fedha zao wenyewe katika karakana ya reli: heller 5 na 20 za shaba na shaba nyeupe, na kipande cha dhahabu cha rupia 15 chenye ndovu mbele ya mlima, dhahabu yake ikitoka mgodi wa Sekenke. Heller 20 za Tabora ziligongwa kwa haraka, kwa vyuma vya kuchongea vilivyochoka, hivyo herufi na taji hutofautiana kutoka kipande hadi kipande. Wako watu waliotumia maisha yao yote kuzitafuta tofauti hizo, na juhudi yao si ya kubezwa: kila tofauti inaonyesha chombo kilipovunjika na kubadilishwa katika karakana iliyokuwa ikifanya kazi huku adui akikaribia.

Baada ya vita ukaja mwaka 1920, mwaka wenye fujo nyingi kuliko yote katika historia ya fedha za Afrika Mashariki. Bei ya fedha halisi ilikuwa imepanda, rupia ikapanda nayo, na serikali ikaamua kuachana nayo. Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyoundwa London mwishoni mwa 1919, ikaleta florini badala ya rupia. Florini haikudumu. Mwaka 1921 ikaja shilingi, mbili kwa florini moja, na florini zikakusanywa na kuyeyushwa. Mwindaji makini huvutiwa hasa na kipande kimoja cha wakati huo. Sarafu ya senti hamsini ya 1920 imeandikwa kwamba ni senti hamsini na pia ni shilingi moja, kwa sababu senti wakati huo zilihesabiwa kwa florini. Senti hamsini ya 1921 imeandikwa kwamba ni nusu shilingi. Ndani ya mwaka mmoja maneno yale yale mawili, senti hamsini, yalibeba hesabu mbili tofauti. Mama muuza samaki wa gatini alipaswa kuielewa tofauti hiyo bila kufunzwa na mtu, na ni rahisi kufikiria ni nani aliyepata hasara katika mabadiliko kama hayo.

Shilingi yenye simba mbele ya milima ndiyo inayokumbukwa na wazee. Tangu 1921 hadi 1946 robo ya uzito wake ilikuwa fedha halisi. Kuanzia 1948 ikawa ya shaba na nikeli tupu. Anayezipanga juu ya meza huona tofauti bila kupima: zile za zamani zina weusi laini wenye umanjano kidogo mahali zilipochakaa, zile za baadaye zina kijivu kisichobadilika.

Hata hivyo, kwa anayeanza hakuna sarafu inayofundisha uwindaji vizuri kuliko senti tano na senti kumi za mwaka 1936. Mfalme George wa Tano alifariki Januari mwaka huo. Mwanawe Edward wa Nane akarithi kiti, akakaa miezi isiyofika kumi na miwili, akajiuzulu Desemba ili amuoe mwanamke aliyempenda. Uingereza haikupata kutoa sarafu zake kwa matumizi ya kawaida, kwa kuwa picha yake ilikuwa bado inatayarishwa. Lakini sarafu za Afrika Mashariki zenye tundu hazikuhitaji picha. Zilihitaji taji na jina tu, na hayo yalikuwa tayari. Hivyo jina EDWARDVS VIII likapitia mikononi mwa wachuuzi wa Kampala, Mombasa na Unguja wakati raia wa London hakuwahi kulitumia kulipia nauli ya basi. Makoloni machache mengine yalifanya vivyo hivyo, yakiwemo Afrika Magharibi ya Kiingereza, Fiji na New Guinea.

Sarafu hizo hazikugongwa kwa uchache, na thamani yake ya kuuza si kubwa. Utamu wake uko kwingine. Kwa macho ya haraka senti kumi ya 1936 ni sawa na senti kumi yoyote: duara pana la shaba nyekundu, upana wa milimita 30 hivi, tundu, pembe za ndovu. Tena mwaka huo huo ziligongwa pia sarafu zenye jina la George. Mwaka peke yake hautoshi. Lazima jina lisomwe. Mtu aliyekuwa nazo ndani ya kopo kwa miaka hamsini anaweza kuwa hajawahi kulisoma. Mkusanyaji anapolizungusha duara lile na kuona herufi E mahali alipozoea kuona G, anapata furaha ambayo haikumgharimu chochote isipokuwa kutazama kwa makini. Huo ndio msingi wa uwindaji wote wa sarafu za Afrika Mashariki: kilicho adimu kimejificha mbele ya macho, na kinajifunua kwa anayesoma.

Kusoma huko kuna hatua zake. Baada ya jina huja herufi ndogo ya kiwanda. H ni kiwanda cha Heaton cha Birmingham, KN ni King's Norton, na sarafu isiyo na herufi kwa kawaida ni ya London. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia bahari zilipokuwa hatari, kazi ilipelekwa viwanda vya karibu: SA ni Pretoria, I ni Bombay. Kwa hiyo mtu anayekusanya senti kumi za miaka ya 1940 anakusanya pia ramani ya vita bila kuondoka Luzira. Kisha hufuata cheo cha mfalme. Sarafu za kabla ya uhuru wa India humtaja mfalme kama mtawala wa India kwa kifupisho IND IMP. India ilipojitawala mwaka 1947, maneno hayo yakaondolewa, na senti za 1949 zinamtaja George kama mfalme tu. Mwaka 1964, nchi za Afrika Mashariki zikiwa zimekwisha kujitawala, zikatoka senti tano na kumi zenye EAST AFRICA bila jina la mfalme wala malkia. Hizo ni senti za mpito, na mfululizo usiokuwa nazo haujakamilika.

Uganda ilipata uhuru tarehe 9 Oktoba 1962, Benki ya Uganda ikafunguliwa 1966, na sarafu za kwanza za taifa zina mwaka huo. Pembe za ndovu zilibaki kwenye senti za shaba, tundu likaondoka. Juu ya shilingi alisimama korongo mwenye kishungi, ndege wa taifa. Papa Paulo wa Sita alipozuru Uganda mwaka 1969, ziara ya kwanza ya papa katika sehemu hii ya Afrika, zilitolewa sarafu za fedha na dhahabu za ukumbusho. Ni nzuri kutazama, lakini zilitengenezwa kwa ajili ya wakusanyaji tangu mwanzo na hazikupita sokoni. Mwenye fedha huzinunua zikiwa ndani ya kisanduku chake, na msako unakuwa umekwisha kabla ya kuanza.

Kinyume chake ni shilingi tano ya mwaka 1972, yenye pande saba, ya wakati wa Idi Amin. Ilitolewa kisha ikaondolewa, na ndiyo sarafu ya kawaida ya Uganda inayosumbua wakusanyaji kuliko zote. Jina lake hutajwa kwa sauti ya chini katika mazungumzo yao. Kila kopo linalofunguliwa, jicho hutafuta pande saba kwanza.

Miaka iliyofuata bei zilipanda mpaka senti zikakosa kazi. Mei 1987 shilingi mpya moja ilibadilishwa kwa shilingi 100 za zamani, huku asilimia 30 ikikatwa, na sarafu za tangu 1966 zikawa vyuma tu. Sehemu kubwa ilikwenda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Mitaa ya Katwe na Kisenyi, ambako mafundi wa Kampala huyeyusha na kufua metali, imekula historia nyingi ya fedha za nchi. Hata leo mkusanyaji mwenye subira huenda huko kabla ya tanuri kuwashwa, akaomba kupekua, akalipa kwa kilo sawa na mnunuzi mwingine yeyote.

Uwindaji hauhitaji mambo ya kale peke yake. Mtu aliye ndani ya matatu ya kwenda Luzira, aliyerudishiwa chenji na konda, ana uwanja wa kutosha kiganjani. Mfululizo wa sasa ulianza 1998: swala kwenye shilingi 50, ng'ombe wa pembe ndefu kwenye 100, samaki kwenye 200, korongo kwenye 500. Shilingi 100 za mwanzo zilikuwa za shaba na nikeli. Za baadaye ni za chuma kilichopakwa nikeli. Kwa macho hazitofautiani sana. Sumaku ndogo huzitenga papo hapo, kwa kuwa hunasa ya chuma na kuiacha ile nyingine. Shilingi 50 imekaribia kutoweka katika biashara ya kila siku, na kila sarafu inapokaribia kutoweka ndipo wakati wa kuikusanya ikiwa safi. Shilingi 1,000 ya 2012, iliyotolewa kwa miaka 50 ya uhuru, wengi waliiweka kando mara tu walipoipata.

Kwa sarafu za zamani, kazi kubwa ni ya kuzungumza na watu. Luzira na mitaa jirani ya Kitintale, Mutungo na Butabika ina familia za waliofanya kazi reli, melini, gerezani na kiwandani. Mstaafu aliyelipwa mshahara wake wa kwanza kwa shilingi za simba huwa na chache alizoziweka, na huwa na maneno ya kusema juu yake. Mwindaji mwenye adabu haingii kwa Jajja, yaani babu au bibi, na kuuliza bei. Husalimu, huketi, husikiliza. Sarafu zitaletwa baadaye, mara nyingi ndani ya kopo la biskuti, zikiwa zimechanganyika na vifungo, funguo na risiti. Anayeharakisha hupata sarafu na kukosa habari zake, na habari hizo hazipatikani kwa njia nyingine. Pako pia pahali pasipoguswa. Simbi na sarafu zilizowekwa kama sadaka katika masabo, yaani vihekalu vya jadi, na makaburi ya wafalme si mali ya kuwindwa, hata kama kati yake inaonekana senti ambayo mkusanyaji ameitafuta miaka mingi.

Thamani ya kujua kitu kilitoka wapi imeonyeshwa hapo hapo Luzira. Mwaka 1929 wafungwa waliokuwa wakichimba kwenye kilima cha gereza walifukua vipande vya sanamu ya udongo: kichwa cha mtu, kiwiliwili na vipande vingine vingi vya vyungu. E. J. Wayland, mkuu wa idara ya jiolojia, alivikusanya, na kichwa hicho, kinachojulikana kwa jina la Luzira, kipo katika Makumbusho ya Uingereza mjini London. Kwa miongo mingi wataalamu hawakuweza kusema kwa uhakika ni cha enzi ipi wala kilihusiana na nini, kwa kuwa shimo halikuchunguzwa kwa utaratibu wakati lilipofunguliwa. Mwaka 2008 Andrew Reid na Ceri Ashley walichapisha utafiti uliokiweka tena katika historia ya vyungu vya kandokando ya ziwa. Kazi hiyo ingekuwa nyepesi mno kama kila kipande kingeandikiwa mahali pake na kina chake siku kilipotoka ardhini.

Sarafu zina mifano yake. Mwaka 1984 kule Mtambwe Mkuu, kisiwani Pemba, ilipatikana hazina ya sarafu zaidi ya 2,000 za fedha pamoja na chache za dhahabu, na kwa sababu ilishughulikiwa na wanaakiolojia, imebadilisha maarifa kuhusu watawala wa pwani wa karne nyingi zilizopita. Mwaka 1944 askari wa Australia aliokota sarafu tano za shaba za Kilwa ufuoni mwa visiwa vya Wessel, kaskazini mwa nchi yake. Zingeokotwa Kilwa zingekuwa vipande vya kawaida; kwa kuokotwa huko zimezua maswali ambayo watafiti hawajayamaliza. Kinachochimbuliwa ardhini Uganda kinapaswa kufikishwa kwa Idara ya Makumbusho na Kumbukumbu, yenye ofisi katika Makumbusho ya Uganda kilimani Kitante. Mkusanyaji wa kweli huwinda majumbani na sokoni, na ardhi huwaachia wenye ujuzi wa kuisoma.

Msisimko una hatari zake. Mtu aliyetafuta kwa muda mrefu huamini upesi. Riale ya Maria Theresa, iliyotumiwa na misafara ya biashara kote Afrika Mashariki, huandikwa 1780 daima, kwa kuwa baada ya malkia huyo kufariki viwanda vya Vienna, na baadaye vya London, Bombay na kwingineko, viliendelea kuigonga kwa mwaka ule ule hadi karne ya 20. Muuzaji anayesema riale yake ina zaidi ya miaka mia mbili huenda anasema anachoamini, lakini mwaka ulioandikwa hauthibitishi kitu. Rupia 15 za Tabora zimeghushiwa mara nyingi. Mizani midogo ya vito na kipimo cha upana hufichua nyingi kati ya hizo bandia. Huko Tanzania zimekuwapo kwa miaka mingi hadithi za mali za Mjerumani zilizozikwa, na wamechimba watu wengi karibu na maboma ya zamani, wamepoteza akiba zao kwa matapeli wanaouza ramani na dawa. Pamoja na hizo huenda uvumi kwamba rupia fulani ina nguvu za ajabu na mnunuzi wa ng'ambo anaitafuta kwa mamilioni. Hakuna sarafu ya namna hiyo. Sarafu adimu hujulikana kwa mwaka, herufi, metali na hali yake, na yote hayo yanaweza kukaguliwa mchana kweupe mbele ya mashahidi.

Hatari nyingine hutoka kwa mkusanyaji mwenyewe, pale furaha ya kupata inapomsukuma kuisugua sarafu ing'ae. Majivu, mchanga, ndimu na dawa ya meno huondoa ngozi ambayo metali ilijijengea kwa miaka, na mikwaruzo yake haifutiki. Senti kumi ya kahawia iliyokolea ni bora kuliko ile iliyosuguliwa ikawa ya waridi, na mnunuzi yeyote anayejua kazi hii huigundua mara moja. Uchafu wa kawaida hulowekwa katika maji safi yaliyochemshwa na kupoa, kisha sarafu hukaushwa kwa kitambaa laini kwa kubonyeza, bila kusugua.

Unyevu wa ziwa unahitaji uangalifu zaidi. Mifuko laini ya plastiki ya PVC hutoa kemikali inayoacha ute wa kijani juu ya shaba. Kadi zenye kidirisha cha plastiki isiyo ya PVC hazina madhara hayo. Kadi hiyo huandikwa pembeni mwaka wa sarafu, herufi ya kiwanda, tarehe ya kuipata, mtaa ilikopatikana na namna ilivyotumika mara ya mwisho: ilikuwa mkufu, ilikuwa jiwe la mizani, ilikuwa washa ya bati. Jina la aliyeitoa huandikwa kwenye daftari la faragha, kwa idhini yake, na namba ya ukurasa ikawekwa kwenye kadi, ili sarafu na habari yake zisitengane hata mkusanyo ukihamia mikono mingine.